Cha Bure na Anayekilipia

Neno "bure" katika lugha yetu lina maana mbili. Mtu hupewa kitu bure, yaani bila ya kutakiwa malipo. Na mtu hujisumbua bure, yaani bila ya kupata faida ya jasho lake. Maana ya kwanza humfurahisha kila aisikiaye, na ya pili humhuzunisha. Maneno yetu ya leo yanahusu ile ya kwanza, lakini msomaji atuwie radhi ikiwa mara kwa mara ile ya pili nayo itapenya mlangoni.

Siku hizi mkulima wa tangawizi aliyeko Mamba Miamba, juu katika milima ya Upare, hana haja ya kuteremka mpaka Same ili aulizie bei. Hufungua simu yake, akatuma picha ya mzigo katika grupu la WhatsApp, na kabla ya adhuhuri mnunuzi wa Dar es Salaam amekwisha mjibu. Mwanawe hutafuta maana ya neno gumu kwa Google akaipata papo hapo. Bibi aliyeko Usangi huzungumza na mjukuu wake aliyeko Maskati huku wakitazamana nyuso. Zamani barua ilitaka stempu, na telegramu ilihesabiwa neno kwa neno mpaka mtu akafupisha hata salamu za msiba. Leo hakuna karani anayehesabu maneno, wala hakuna hati ya madai inayoletwa mwisho wa mwezi.

Basi suala linalotukabili ni hili: je, kilichotolewa kwa namna hiyo ni hiba, au ni bei ambayo thamani yake imefichwa? Na ikiwa ni bei, je, bei ya namna hiyo ni ya haki?

Wako wanaojibu upesi kwamba duniani hakuna cha bure, kisha wakaenda zao. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitufikishi popote. Kwani hata maji ya ndiva hayajawahi kuwa bure, na juu ya hivyo hatujasikia mtu mwenye akili akisema kuwa ndiva ni hadaa.

Msomaji asiyeijua nchi ile na aelewe kwamba mvua ya Upare hunyesha juu, kwenye misitu kama ule wa Shengena, na huku chini Same na Makanya ardhi hukauka, mkonge ukastawi mahali ambapo mahindi hufa. Kwa ajili hiyo Wapare tangu zamani walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo yanayolishwa na mifereji kutoka katika vijito vya mlimani. Usiku kucha maji huingia na kujaa. Asubuhi tundu huzibuliwa, na wenye zamu humwagilia mashamba yao. Ndiva ya Manoo huko Bangalala ni moja katika hizo, na ziko nyingi mfano wake. Hakuna anayeuziwa maji hayo kwa ndoo. Lakini siku ya msaragambo ikifika, kila mwenye shamba hutoka na jembe lake kwenda kuzoa tope na kuziba mfereji uliobomoka kwa mvua. Asiyetokea hutozwa faini, na mwenye kukaidi huhatarisha zamu yake.

Hatusemi haya ili kuipamba ndiva. Katika zama za kale nyingi zilikuwa chini ya ukoo uliozichimba, na mgeni alipaswa kunyenyekea kwanza. Ugomvi baina ya walio juu, kama watu wa Vudee, na walio chini, kama watu wa Bangalala, hauhitaji kusimuliwa. Kila mahali penye mfereji mmoja na vijiji viwili upo. Tunalotaka msomaji alitazame ni jambo moja tu: bei ya maji yale imesimama juani. Tope linaonekana. Jembe linaonekana. Aliyekosa kuja anajulikana kwa jina, na aliyejiongezea zamu anajulikana pia. Mtu akidhulumiwa anajua kadhulumiwa na nani, na mlango wa kupiga hodi upo kijijini mwake.

Na sasa tuitazame ndiva ya pili, hii ya intaneti.

Kwanza yafaa tukiri kwamba kule kuwapo kwa vitu vya bure ndani yake si muujiza wala si hila tupu. Elimu si kama maji. Nikimwashia jirani taa yake kwa taa yangu, yangu haipungui mwanga. Mitambo, nyaya na umeme ni gharama kubwa mno. Waya wa baharini wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 haukulazwa kwa sadaka. Lakini mambo hayo yakishajengwa, kumhudumia mtu mmoja zaidi ni gharama ndogo sana, karibu na sifuri. Kwa hiyo mwenye mitambo aweza kumkaribisha mtu wa milioni mia bila kuumia. Tena msingi wenyewe wa nyumba hii ulikuwa hiba ya kweli. Mwezi wa Aprili 1993 taasisi ya CERN, iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilitangaza kwamba utaratibu wa mtandao wa kurasa uliobuniwa na Tim Berners-Lee ni huru kwa kila mtu, bila ada wala ruhusa. Mambo mangapi duniani yametolewa namna hiyo? Ni haki tuyataje, kwa sababu mwenye kulaumu akasahau kushukuru hulaumu nusunusu.

Hata hivyo mitambo hiyo haijiendeshi, na wenye nayo si waja wa sadaka. Waanzilishi wa Google, Sergey Brin na Larry Page, walipokuwa wangali wanafunzi mwaka 1998, waliandika wenyewe kwamba chombo cha kutafutia habari kinacholishwa na matangazo ya biashara hakina budi kuelemea upande wa watangazaji badala ya watumiaji. Miaka miwili baadaye wakaanza kuuza matangazo. Mwaka 2023 kampuni yao mama iliingiza zaidi ya dola bilioni 300, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika matangazo. Hatuwacheki. Njaa ya mitambo ni njaa kweli. Lakini inafaa kujua kwamba hatari hii iliijuliwa na wajenzi kabla nyumba haijaezekwa.

Historia ya WhatsApp ndiyo inayofundisha zaidi. Ilianza mwaka 2009, na kwa muda bei yake ilikuwa wazi: kiasi cha dola moja kwa mwaka. Waasisi wake walikuwa wakichukia matangazo, na hawakulificha jambo hilo. Mwaka 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa kiasi cha dola bilioni 19, wakati ambapo watumiaji wake walikuwa wapata milioni 450. Ukigawanya utaona kwamba kila mmoja alithaminiwa kwa dola 42 hivi, naye hakuwa na habari kuwa yuko sokoni. Mwaka 2016 ile dola moja ikafutwa, watu wakafurahi. Mwaka huohuo ujumbe ukafungwa kwa namna ambayo hata kampuni haiwezi kuusoma, na hilo ni jema. Mwanzoni mwa 2021 yakaja masharti mapya, na watu wakaambiwa wayakubali au waache kutumia. Baada ya makelele siku zikasogezwa mbele, masharti yakabaki. Na Juni 2025 ikatangazwa kuwa matangazo ya biashara yataanza kuwekwa ndani yake.

Linganisheni mwanzo na mwisho. Mgeni alikaribishwa barazani kwa bei inayojulikana. Akaambiwa bei imeondolewa. Akaleta jamaa zake wote, biashara yake yote, vikao vya harusi na vya matanga. Kisha, alipokwisha kuwa hana tena kwa kwenda kwa sababu kila anayemjua yumo humo, bei ikarudi kwa mlango wa nyuma, nayo si fedha tena. Mkulima wetu wa Mamba Miamba aweza kuambiwa kwamba yuko huru kuondoka. Uhuru gani huo, ilhali wanunuzi wote wa tangawizi wamo ndani?

Watu wengine husema: mbona redio nayo hutangaza sabuni na dawa ya meno, na tangu zamani tukaisikiliza bila ya kulalamika? Hoja hii ina uzito na yataka jibu. Redio humwambia msikilizaji habari za sabuni, lakini redio haimsikilizi msikilizaji. Haijui kama ni mwanamume au mwanamke, kama ana deni, kama mtoto wake ni mgonjwa. Maneno yale yale yalisikika Same, Lushoto na Kigoma. Matangazo ya leo ni kinyume chake. Ukurasa unapofunguliwa, katika nukta moja ya saa hufanyika mnada ambao mwenye simu hauoni, na kinachonadiwa ni nafasi ya kumfikia yeye: umri wake, mahali alipo, alichotafuta jana usiku. Yeye si mnunuzi katika soko lile wala si muuzaji. Juu ya hayo, tangazo lenyewe husafirishwa mpaka kwenye simu yake kwa bando alilolinunua yeye. Hata nauli ya dalali analipa mwenye kunadiwa.

Katika mnada huo watu hawana thamani moja. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2023 Facebook iliingiza zaidi ya dola 68 kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Kwa fungu ambalo sisi Waafrika tumewekwa ndani yake, fungu la "nchi nyinginezo", haikufika dola 6. Lakini kinachochukuliwa kwa mtu wa Same ni kile kile kinachochukuliwa kwa mtu wa Chicago: jina, sura, mazungumzo, nyendo na jamaa zake. Tena huenda chetu ni kingi zaidi, maana wenzetu wana njia nyingine za kufanyia biashara na sisi mara nyingi tuna hiyo moja tu. Na mwenye duka humlinda zaidi mteja yule amtiaye faida. Anayemletea dola 6 atazamiwe kulindwa kiasi gani katika lugha yake?

Hapa ndipo tunapokutana na mlipaji mwingine ambaye hatajwi. Tulisema kwamba ndiva hujaa tope, na kwamba watumiaji wenyewe huingia wakalizoa. Tope la intaneti ni picha za mauaji, za watoto waliodhulumiwa, za watu wanaojiua. Nani analizoa? Kwa miaka kadhaa, kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, walilizoa vijana waliokusanywa Nairobi na kampuni ya Sama kwa mkataba wa Facebook. Gazeti la TIME la Marekani liliandika Februari 2022 kwamba baadhi yao walilipwa kiasi cha dola moja na nusu kwa saa. Mei 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo hapo Nairobi, alifungua kesi. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafungua yao baada ya kupoteza kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaamua kwamba kampuni ya Marekani yaweza kushtakiwa nchini Kenya, jambo ambalo kampuni ililipinga. Na mwishoni mwa mwaka huo ikajulikana kuwa daktari aliyewachunguza alikuta zaidi ya 140 kati yao wamepata maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko.

Mtu akifungua simu yake Same asubuhi na akaona mambo safi, salamu za jamaa na picha za maua, basi na ajue kuna kijana aliyeamka kabla yake akaona yale ambayo yeye hakuyaona. Huyo ndiye aliyelipa sehemu ya bure ile. Katika msaragambo mwenye kuzoa tope hunywa maji. Hapa anayezoa ni mmoja na anayekunywa ni mwingine, wala hawajuani.

Ipo namna nyingine ya bure ambayo lazima tuipime kwa uangalifu, kwa sababu ilikuja kwetu kwa jina la kuwasaidia maskini. Mwezi wa Oktoba 2014 Facebook pamoja na kampuni ya Tigo, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 huitwa Yas, walileta Tanzania mpango wa Internet.org: mtu asiye na bando aliweza kufungua Facebook na kurasa chache nyingine bila kutozwa. Mpango kama huo ulipofika India ulizusha mjadala mkubwa, na Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliupiga marufuku, kwa hoja kwamba si haki mwenye njia atofautishe bei kwa kuangalia mtu anakwenda wapi. Sisi hatukuwa na mjadala wa kiasi hicho.

Ni nani aliye na haki baina ya hao wawili? Wenye mpango walisema: asiye na kitu, kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Tukumbuke kisa mashuhuri cha kisima cha Ruma huko Madina. Husimuliwa kwamba mwenye kisima alikuwa akiuza maji, na watu wakataabika. Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua nusu, ikawa siku hii ni yake na siku hii ni ya mwenyewe, na katika siku yake akawaachia watu wateke bila ya malipo. Watu wakawa wanateka siku yake maji ya kuwatosha siku mbili. Soko la yule mwuzaji likafa, akauza na nusu iliyobaki, na kisima chote kikawa wakfu. Mwenye kukisoma kisa hiki kwa jicho la biashara ataona jambo la ajabu: bure ya Uthman ilifanya hasa kile ambacho bure ya kampuni kubwa hufanya. Iliua soko la mwenziwe. Anayetoa bure humfukuza anayeuza, hilo ni tabia ya bure popote ilipo. Gazeti linalouzwa kwa shilingi halistahimili mbele ya habari zisizouzwa, na kijana wa Dar es Salaam aliyetengeneza programu yake kwa taabu hawezi kutoza shilingi 500 ambapo jitu la ng'ambo halitozi kitu.

Tofauti iko wapi basi? Iko katika lililofuata baada ya soko kufa. Kisima cha Ruma kilipokwisha kuwa cha mmoja, yule mmoja alikitoa mkononi mwake akakifanya wakfu, asiweze kukirudia wala warithi wake wasiweze kukipandishia bei. Kampuni ikishabaki peke yake kisimani hutazama sasa itoze nini. Sitasema kwamba kila aliyetoa bure alikusudia hivyo tangu mwanzo. Nia ni jambo la moyoni na si kazi yetu. Lakini mlango ulioachwa wazi hupitwa, kama si na aliyeuacha basi na aliyeinunua nyumba.

Upare wenyewe una kumbukumbu ya jambo hili la kutozwa kwa kipimo kisichoonekana. Wakati wa vita kuu ya pili serikali ya kikoloni ililetea wilaya ya Pare kodi ya kupima uwezo wa kila mtu, ikaitwa mbiru kwa jina la ada ya kale. Watu hawakuwa wageni wa kodi. Lililowachoma ni makisio: mtu anakadiriwa mali yake, anaandikiwa daraja, wala hajui daraja ile imetoka wapi. Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka vijijini mwao mpaka Same, wakakaa huko mbele ya serikali kudai iondolewe, na hatimaye iliondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1971. Wajukuu wa watu hao leo wanapimwa na kuandikiwa daraja kila saa, na makisio yake ni ya undani kuliko ya karani yeyote wa kikoloni. Hakuna aliyeteremka. Si kwamba wajukuu ni waoga kuliko babu zao. Karani wa zamani alikuwa na sura na ofisi, na wa leo hana.

Mpaka hapa tumezungumzia bei ambayo mtu hulipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Mtu mzima akiamua kutoa habari zake apate huduma, na akawa anajua anachokitoa, sioni kuwa tunaweza kumzuia; ridhaa ni ridhaa. Lakini liko fungu la bei hii ambalo halitoki mfukoni mwake, nalo ndilo linalonisumbua zaidi.

Programu nyingi zinazotolewa bure, mara tu zikiwekwa katika simu, huomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zote zilizomo. Kijana hubonyeza kukubali kwa haraka kama mtu afukuzaye nzi. Katika kubonyeza kule ametoa namba ya mama yake, ya mwalimu wake, ya mjomba wake aliyeko Suji, ya imamu wa msikiti, ya mgonjwa aliyemsaidia kwa siri. Je, vilikuwa vyake hivyo? Mjomba alimpa namba ili ampigie, hakumpa aigawe. Katika sheria ya biashara jambo la kwanza linaloulizwa ni kama muuzaji anakimiliki akiuzacho. Namba ya mtu aliyokuwekea ni amana, na amana haiuzwi hata kama mwenyewe hatapata kujua.

Msomaji aweza kudhani tunatafuta dosari ndogondogo. Basi na atazame yaliyotokea katika mikopo ya mitandaoni. Hebu tuchukue mfano. Kijana wa Kipare anayefanya vibarua Dar es Salaam ameishiwa, akaona tangazo la programu inayokopesha shilingi 50,000 bila dhamana na bila kwenda benki. Kuiweka katika simu ni bure. Inaomba kusoma namba zake, naye anaruhusu. (Habari ya riba yake tuiache, ina makala yake.) Siku ya kulipa ikipita, mzee aliyeko Suji hupata ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua: mpwa wako ni tapeli, mwambie alipe. Ujumbe uo huo umemfikia mkwe wake, mwajiri wake, na mwanamke aliyekuwa akimposa. "Bila dhamana" waliyotangaza haikuwa kweli. Dhamana ilikuwapo, nayo ilikuwa heshima ya mtu mbele ya jamaa zake, na wenye jamaa wenyewe waliwekwa rehani bila ya kuulizwa. Mzee yule hakukopa kitu, hakuweka programu yoyote, pengine hata simu yake ni ya vitufe. Na bado amelipa.

Mambo hayo yalienea mpaka serikali zikaamka. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, yaani kwa kuchelewa mno. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni kuwasumbua watu waliomo katika namba za mkopaji. Kwetu Tanzania, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni.

Sitaki nieleweke kuwa nawaambia watu wa Same wazitupe simu zao. Mwenye kusema hivyo akiwa mjini, mwenye njia kumi za kupata riziki, anamshauri mwenzake afunge mfereji wake pekee. Tangawizi lazima iuzwe. Tena iko mifano ya ndiva za kweli ndani ya intaneti yenyewe. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001 na ambayo ya Kiswahili imekuwapo tangu 2003, haina tangazo hata moja. Huendeshwa kwa michango, na makala zake zaidi ya 80,000 za Kiswahili ziliandikwa zaidi na watu wasiolipwa, kila mmoja akileta jembe lake. Ina makosa, na baadhi ya makala zake ni mistari mitatu. Lakini tope lake linaonekana, na mwenye kuona kosa aweza kuingia akalizoa mwenyewe. Anayeitumia miaka kumi kuutafutia mtoto wake habari za shule, na hajawahi kurekebisha neno wala kuchangia, afanane na nani pale Bangalala siku ya msaragambo?

Kadhalika sheria sasa ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe madhumuni ya kuzikusanya, na inampa mwenye habari haki ya kuuliza ni zipi zilizoshikwa juu yake na kulalamika mbele ya Tume. Kwa maneno mengine, inajaribu kuitoa bei gizani na kuisimamisha juani. Mzee wa Suji anayo haki hiyo ingawa hajasoma masharti yoyote na hakukubali lolote. Kazi iliyobaki ni kumfikishia habari kwamba anayo, kwa lugha aielewayo, na kumwonyesha mlango ulipo. Kwani Tume iko mbali na mlima ni mrefu.

Na kuhusu yule kijana, lipo jambo lisilongoja sheria wala Tume. Programu inapoomba kusoma namba za watu, simu huuliza kwanza, kisha ikangoja. Maneno mawili hutokea, moja chini ya jingine: Ruhusu, Usiruhusu. Nyingi katika programu hizo huendelea kufanya kazi hata likichaguliwa lile la chini.